Jina Lililokataa Kijani

Jumanne ile maji yalikuja mtaani Tassia mapema, na hilo peke yake lilitosha kuwafurahisha wanawake wa jengo zima. Kila roshani ilianikwa nguo. Chini, muuza mboga alikata sukuma wiki huku akibishana na mteja, na redio ya mtu wa ghorofa ya pili ilihubiri kwa sauti iliyompita hata mhubiri mwenyewe. Ilikuwa siku ya kawaida, siku ya jua na sabuni. Wapo wanaodhani mambo ya kutisha huja na giza na radi. Hao waacheni, hawakuwajua watu wa ghorofa ya nne.

Huko ghorofa ya nne, Akech alikuwa amembeba binti yake begani, akitembea kutoka jikoni hadi dirishani na kurudi. Mtoto alikuwa analia. Alikuwa akilia tangu wiki yake ya pili duniani. Alilia akiwa ameshiba, alilia akiwa mkavu, alilia akioshwa. Kliniki walisema ni gesi tumboni, wakatoa dawa ya matone, na mtoto akaililia dawa hiyo pia. Kathini, jirani wa mlango unaotazamana na wao, alishauri mtoto abebwe mgongoni mama akipiga deki. Deki ikapigwa, kilio kikaendelea. Akech alifika mahali ambapo alimwomba Mungu jambo moja tu: anyamaze. Aliliomba kwa machozi, tena kwa sauti, na asimlaumu mtu ambaye hajawahi kukesha na kichanga.

Mtoto mwenyewe aliitwa Tiffany, jina alilolichagua Akech tangu mimba ikiwa changa. Lakini Mama Phares, mama wa mumewe aliyekuwa kule kijijini Ugenya, alikuwa na maoni yake kwenye simu.

"Nyar Alego, huyo mtoto si mgonjwa," alisema, akimwita binti wa Alego. "Anatafuta jina lake la nyumbani. Ngojeni nije. Tutamwitia marehemu wetu mmoja mmoja, polepole, na tukimtaja yule anayemtaka, atanyamaza mwenyewe. Lakini msianze bila mimi. Kuna wa kutajwa na wa kuachwa."

Ndivyo wafanyavyo kwao tangu enzi. Mtoto akilia bila sababu, hutajiwa waliotangulia, na jina atakalolinyamazia ndilo lake. Akech alijua hivyo kwa kusikia tu. Alizaliwa na kulelewa mjini, mtaa wa Ziwani, na hiyo Alego ya baba yake aliijua wakati wa Krismasi. Akaitikia ndiyo mama, akakata simu, akacheka peke yake huku mtoto akimpigia kelele sikioni.

Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wanaoanza kuandika msimbo, yaani yale maagizo yanayoiambia kompyuta ifanye nini. Chuo chake kilimruhusu atayarishe masomo nyumbani hadi mtoto akue kidogo. Kwa hiyo asubuhi ile aliketi mezani, Tiffany akilia pajani, akafungua programu anayoitumia kupaka msimbo rangi kabla ya kuwatumia wanafunzi. Haikuwa na maajabu. Unaburuta faili hadi kwenye dirisha lake, unachagua lugha ya msimbo, na papo hapo kila neno linapakwa rangi ya kazi yake. Maagizo huwa buluu, tarakimu rangi ya chungwa, maelezo ya pembeni kijivu, na maneno yote yaliyo ndani ya alama za kunukuu huwa kijani. Kando kuna visanduku vya rangi. Usipoipenda moja, unabofya nyingine. Wanafunzi waliipenda kwa sababu jicho huona kosa kabla akili haijalielewa.

Somo la wiki ile lilihitaji majina ya watu, ili kompyuta ifunzwe kumsalimia kila mmoja kwa jina. Kila mwalimu wa fani hii ana majina yake ya mazoezi, na Akech alikuwa amechoshwa na yale ya vitabuni. Jumapili iliyotangulia alimwomba mumewe amtajie majina ya kwao. Phares, karani wa ofisi ya reli na mtu wa mzaha, alikuwa anapiga pasi shati la kazini. Akayataja huku mvuke ukipanda: Sylvance, marehemu baba yake; Aluoch, marehemu nyanya yake; Austine, ami yake aliyezama ziwani. Alitaja wafu watupu, akasema walio hai wakisikia wametumiwa watadai soda. Akech akayaandika bila kuinua kichwa.

Mtu aliyekulia Ugenya angesita hapo. Kuwapanga marehemu wa ukoo, mmoja chini ya mwingine, mbele ya mtoto anayetafuta jina! Akech wa Ziwani aliona herufi tu.

Alipoburuta faili, majina yakageuka kijani yote, isipokuwa moja.

Lilikuwa Adoyo. Lilikaa pale chini ya Austine, na rangi yake ilikuwa ya udongo wa kichuguu, wekundu uliochujuka. Akech alidhani amesahau kufunga alama za kunukuu. Hakusahau. Akaifunga programu, akaifungua upya. Kijani, kijani, kijani, udongo. Akatafuta rangi ile kwenye visanduku vya pembeni ajue jina lake. Haikuwemo. Akabofya lile neno lenyewe, na programu ikamjibu kwa kidirisha chake kidogo kwamba hayo ni maandishi ya kawaida na rangi yake ni kijani.

"Adoyo?" alisema Akech kwa sauti, kama mtu anayesoma anwani asiyoielewa.

Mtoto akanyamaza.

Hakunyamaza kama watoto wanavyonyamaza, kwa kwikwi na kamasi. Alikata kilio katikati ya pumzi. Shingo yake, ambayo ilikuwa bado haijakaza, ikageuka taratibu hadi uso ukaelekea kwenye kioo cha kompyuta. Alikitazama kwa muda. Kisha akatafuta titi, akanyonya, akalala. Akech alikaa pale akiwa haamini masikio yake. Aliweza kusikia maji yakijaa kwenye mtungi wa Kathini, ng'ambo ya ukumbi. Alilia kwa furaha hadi blauzi ikalowa.

Phares alirudi jua likiwa bado juu ya mabati, akasimama mlangoni akisikiliza.

"Niaje? Mbona kimya? Mtoi ako wapi?"

"Shh. Amelala tangu asubuhi," Akech alinong'ona. "Nimelipata jina lake. Ni Adoyo."

"Adoyo gani?"

"Si wewe ulinitajia? Jumapili, ukipiga pasi."

"Zii. Mimi sikusema Adoyo. Kwetu hakuna Adoyo."

Akech akalikumbuka jina lile likitajwa. Alikumbuka na mvuke. Sauti ilitoka upande wa Phares, hilo angeliapia, ila sasa hakuweza kuapa kwamba ilikuwa ya Phares. Lakini mumewe alikuwa ameshainama juu ya kitanda cha mtoto, uso umemlegea kwa raha.

"Wacha tu," akasema. "Kama analala hivi, aitwe hata gavana."

Basi akaitwa Adoyo, na nyumba ikapona. Akech alilala. Alikula chakula kikiwa moto. Kathini alipita akaketi kwenye ukingo wa kochi, akamtazama mtoto kwa wivu wa wazi wazi. "Mama Tiff, huyu umempatia nini? Nipee mimi pia, wangu amenimaliza." Wakacheka. Mkwe alikuwa ameahidi kuja wiki ile, mazishi ya jirani yake yakamchelewesha, na Akech hakusikitika sana. Alijiona ameyamaliza mwenyewe, kisasa, bila nauli ya mtu.

Siku ya chanjo walikwenda kliniki. Foleni nzima ilikuwa vilio. Kila mtoto aliyeingia alitoka akipiga mayowe. Zamu yao ilipofika, muuguzi akamshika mtoto paja, akachoma. Mtoto aliitazama sindano ikiingia. Akaitazama ikitoka. Muuguzi akasubiri kilio, kwa mazoea, pamba mkononi. Halafu akamtazama Akech.

"Hulia huyu?"

"Alikuwa akilia. Sasa ametulia."

Muuguzi hakusema mtoto mzuri, wala hakutabasamu. Alimrudisha kwa mikono yote miwili, upesi kidogo.

Njiani kuelekea nyumbani Akech alijaribu kukumbuka mara ya mwisho mtoto alipolia kwa njaa. Hakukumbuka. Alikuwa akimnyonyesha kwa kutazama saa, au maziwa yakimdondoka. Alasiri moja alipitiwa na usingizi kwenye kochi, akaamka jua limehama ukuta. Mtoto alikuwa macho, midomo imekauka na kupasuka, anamtazama. Hakuwa ameita. Alikuwa anangoja tu, kama mgeni mwenye adabu ambaye amesahauliwa sebuleni. Akech alimnyanyua akamkumbatia kwa nguvu, na kwa mara ya kwanza aliogopa.

Mama Phares alifika Jumamosi, saa za chai ya asubuhi, mwanawe akimbebea kikapu cha njugu na kuku aliyefungwa miguu. Akech alimsikia akihema kwenye ngazi, akakimbilia mlangoni, akageuza uso kuelekea chumbani kwa furaha ya kweli.

"Adoyo! Amka, nyanya yako amefika, dani yako!"

Mama mkwe alikuwa ameinama mlangoni akivua viatu. Kimoja kilikuwa tayari mkononi. Akabaki vivyo hivyo, ameinama. Kisha akakivaa tena kile kiatu.

"Nani amemwita hilo jina?" Sauti yake ilikuwa imeshuka hadi kuwa mnong'ono.

"Ni... aliliitikia mwenyewe, mama. Alikuwa analia, nikalisema, akanyamaza."

"Ulilisema. Naye akanyamaza."

"Ndiyo."

Mwanamke yule hakuingia. Alirudi kwenye ngazi, akaketi kwenye kidato kama mwombaji, nao wakamfuata. Kuku alikuwa akipapatika ndani ya kikapu. Aliwaeleza kwa maneno machache, akitazama chini, na ilikuwa wazi kwamba hakutaka kuyasema hata hayo.

Adoyo alikuwa dada ya babu yake Phares. Alifia kwao akiwa msichana mkubwa, hajaolewa. Binti wa namna hiyo hazikwi ndani ya boma, kwa kuwa boma la baba si lake na la mume hakulipata. Alizikwa nje ya ua, nyuma ya kichuguu, na watu wakaacha kumtaja. Alitaka nyumba hadi akafa akiitaka. Tangu hapo huja kwa watoto wachanga. Wapo waliopewa jina lake kwa bahati mbaya, mmoja kwa kina Phares, wengine kwa binamu zao. Walikuwa watoto watulivu sana. Watu waliwasifu.

"Wako wapi hao?" Phares aliuliza.

"Hawakufika kutambaa, wuoda, mwanangu. Hawakuugua. Walinyamaza hivyo hivyo, na siku moja wakanyamaza kabisa."

Akech alishika ukuta. "Tulitoe hilo jina basi. Tumpe lingine, mama. Tumpe la Aluoch. Tufanye nini?"

Mama mkwe akainua uso kumtazama. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Sijui," alisema. "Mimi najua kukataza tu. Likishaitikiwa, sijui. Waliojua walikufa kabla sijaolewa."

Walijaribu hata hivyo. Mtu akiambiwa mtoto wake anaondoka, hujaribu hata asichokiamini. Siku nzima ya Jumapili walimzunguka mtoto wakimwitia marehemu wote wa ukoo, wakubwa kwa wadogo. Aluoch. Sylvance. Akech akamwita Tiffany mpaka sauti ikakwama. Mtoto alimtazama kila msemaji usoni, kwa upole, akingoja amalize. Phares alishindwa kuvumilia. Alisema "Adoyo" mara moja, kwa sauti ya chini sana, kujaribu tu. Kichwa kikageuka.

Mchungaji Mwangangi alikuja kutoka mtaa wa Kware akiwa na mafuta na waumini. Waliomba kwa nguvu hadi mwenye nyumba akatuma mtu kuuliza kuna nini. Mchungaji alimwekea mtoto mkono kichwani, akakemea, akatoka jasho. Mtoto akaushika mkono ule kwa vidole vyake vidogo, akausogeza kando taratibu. Mchungaji alimaliza maombi kwa haraka. Alisema wataendelea kuomba wakiwa kwao.

Ikabaki kompyuta. Akech hakuwa ameigusa tangu Jumamosi, lakini aliwaza hivi: jina liliingilia humo, huenda linaweza kutokea humo. Yeye ni mtu wa msimbo. Kosa likiwapo, lina mahali lilipo, na likifutwa hufutika. Alimwita Kathini aketi naye, mchana kweupe, madirisha wazi, apate shahidi kwamba hajarukwa na akili.

Faili likafunguka. Kathini akasogeza uso. "Mbona hii moja iko rangi ya matope?"

"Unaiona?"

"Si iko hapo. Adoyo. Si ndiyo jina ya mtoi?"

Akech akalifuta. Mahali pake akaandika Aluoch. Likatokea kijani, na moyo wake ukaruka. Halafu herufi ya kwanza ikaanza kuchujuka, ikafuata ya pili, rangi ikipanda neno kama chai inavyopanda kwenye mkate, hadi likawa udongo lote. Akalifuta. Akaandika Tiffany. Likaloa vile vile, upesi zaidi. Akaandika majina ya hovyo, ya watu wa runinga, ya watu wasiokuwapo. Kila jina aliloliandika huku akimfikiria mwanawe liligeuka. Akaiondoa programu yote kwenye kompyuta. Akalifungua faili kwa programu ya kawaida ya kuandikia, ambayo haipaki rangi, haijui rangi, kila kitu ndani yake ni cheusi. Mistari yote ilikuwa myeusi. Jina la mtoto lilikuwa udongo.

Kathini akainuka polepole. "Mama Tiff, wacha nikaangalie sufuria yangu."

"Kathini, usiniache. Tafadhali."

"Nakuja. Nakuja saa hii."

Hakuja. Alisikika akifunga mlango wake kwa komeo, na tangu siku ile akawa akimsalimia Akech akiwa anatembea. Wala si mtu mbaya. Alikuwa na mtoto wake mchanga ndani ya nyumba, na nani angemlaumu?

Siku zikaenda. Tiffany alizidi kupungua. Alinyonya kidogo, kisha kidogo zaidi. Hospitali walimpima kila walichoweza kupima, wakaandika kwamba hana tatizo lolote. Mama mkwe alilala kwenye kochi, hakutia mguu chumbani. Phares aliacha mizaha. Alikwenda kazini kwa sababu hakujua mahali pengine pa kwenda. Na Akech, yule aliyemlilia Mungu mtoto anyamaze, sasa hakutaka kitu kingine duniani isipokuwa kile kilio. Alisikia watoto wa jengo wakilia, ghorofa ya juu, ghorofa ya chini, akawaonea kijicho mama zao. Alikuwa radhi asilale tena maisha yake yote.

Adhuhuri moja alimlaza mtoto kitandani, akamshika ngozi laini ya mkono, akamfinya. Akamfinya kwa kucha. "Lia," alimwambia. "Lia, mama. Nakuomba. Lia tu." Alama nyekundu ikatokea. Mtoto alimtazama, na ndani ya macho yale mlikuwa na subira ya mtu mzima, ya mtu aliyefinywa sana na maisha na asiyeshangaa. Akech alimwachia. Aliangukia magoti pembeni ya kitanda akapiga kichwa kwenye mbao. Alijichukia. Alijua kwamba atamzika huyu mtoto na kwamba hakuna mtu hata mmoja, katika mji huu wote uliojaa watu, wa kumwambia afanye nini.

Akaenda mezani. Kompyuta ilikuwa wazi, na lile jina lilikuwa limejirudisha mahali pake pa kwanza, Adoyo, bila mtu kuliandika. Chini yake Akech akaandika jina lake mwenyewe. Akech. Akangoja ligeuke. Alitaka ligeuke. "Nichukue mimi," alinong'ona. Likabaki jeusi. Hakutakiwa.

Hapo ndipo alipoongea naye. Hakupanga. Maneno yalimtoka kama yanavyomtoka mtu aliyeshikiwa kisu.

"Dada," alisema. "Ulitaka nyumba. Hii hapa. Ni ndogo, lakini ni yetu. Kaa. Kaa hapa kwetu hata milele, sitakufukuza. Usiniondolee mtoto tu."

Hakuna kilichotikisika. Pazia halikupepea. Chini, muuza mboga alikuwa anamrudishia mtu chenji. Akech akafuta uso kwa kanga, akaenda kulala kando ya mtoto, akamwekea kiganja kifuani ahesabu pumzi zake, maana hilo ndilo lililobaki.

Aliamshwa na kilio.

Alidhani ni cha ghorofa ya juu. Halafu akadhani anaota. Lakini kifua kilichokuwa chini ya kiganja chake kilikuwa kinapanda na kushuka, mdomo umefunguka, ufizi mwekundu unaonekana, na sauti inatoka. Mara ya kwanza ilitoka vibaya, kwa mikwaruzo, kama mtu anayejaribu kinanda asichokizoea. Kisha ikapata njia. Ikajaa nyumba. Ikatoka dirishani.

"Phares! Mama! Analia! Analia!"

Ilikuwa Jumamosi, Phares alikuwapo. Aliingia mbio akiwa na sabuni kidevuni. Alimnyanyua mtoto juu, yeye mwenyewe akilia kwa sauti kuliko mtoto. Mama mkwe alisimama kizingitini mwa chumba, akajiziba mdomo kwa mikono miwili, halafu akapiga magoti palepale akamshukuru Mungu wake kwa Kijaluo. Mlango wa ng'ambo ulifunguka kidogo, Kathini akachungulia, akasikia, akaja mbio na kumkumbatia Akech bila neno. Watu wa ghorofa ya tatu walipanda kuuliza nani amekufa, wakaambiwa hakuna, hakuna aliyekufa, na wakapewa chai.

Mtoto alinyonya kama aliyefunga mwezi. Alinyonya matiti yote mawili akadai tena. Phares akamjaribu. "Tiffany," akaita. Mtoto akageuka, akatabasamu kwa ufizi. "Adoyo," akaita kwa woga. Mtoto hakushughulika, alikuwa anakula ngumi yake. Phares akaifungua kompyuta mbele ya wote, akalitafuta lile faili. Majina yote yalikuwa meusi. Akairudisha na ile programu ya rangi, akaburuta faili ndani yake, na majina yakawa kijani, kuanzia juu hadi chini. Adoyo halikuwemo. Lilikuwa limeondoka.

"Ameenda," alisema Phares. "Wasee, ameenda."

Mama mkwe alimshika Akech uso kwa viganja vyote viwili. "Ulifanya nini, nyar Alego?"

"Niliomba," alisema Akech. Na hakudanganya.

Walimchinja kuku. Nyumba ikanukia vitunguu, watu wakacheka kwa sauti za watu waliookoka ajali. Akech alimchukua mtoto akamwoshe, kwa kuwa jasho na maziwa vilikuwa vimemkaukia shingoni. Alipasha maji, akayajaribu kwa kiwiko, akafunga mlango wa bafu baridi isiingie. Alikuwa anaimba. Hakuwa ameimba tangu kuzaa. Akamvua mtoto fulana, akamvua nepi, akamvua soksi ya kushoto.

Akaacha kuimba.

Unyayo ulikuwa mgumu. Akaupitishia kidole gumba, akidhani ni uchafu uliogandamana, na ngozi ikamkwaruza. Kisigino kilikuwa na magaga. Mipasuko mirefu, ya zamani, iliyopona na kupasuka tena, kama ya mtu aliyetembea peku miaka na miaka kwenye njia za mawe. Ndani ya mipasuko mlikuwa na udongo. Akamvua soksi ya kulia. Ni vile vile. Mtoto huyu alikuwa hajawahi kukanyaga chini.

Akamlaza kwenye maji ya beseni akimshika kichwa, akaketi sakafuni asije akamwangusha. Aliutazama ule uso. Ulikuwa uso wa binti yake, pua ya Phares, paji la mama yake mzazi. Mtoto alikuwa amekoma kucheza na maji. Alimtazama Akech machoni, akaunyoosha mkono wake mdogo, akampangusa machozi shavuni kwa ustadi, kama mtu mzima anavyompangusa mwenzake.

"Akech!" Phares aliita kutoka sebuleni, akicheka. "Mlete huyo malkia, chakula iko tayari!"

"Tunakuja," alijibu Akech.

Alimkausha mtoto polepole, kila kidole cha mguu. Akatafuta soksi safi, zile ndefu za kupanda hadi magotini, akamvisha, akazivuta juu hadi zikakaza. Kisha akambeba kifuani, akashika komeo la mlango, akasimama hapo. Nje walikuwa wanamngoja amlete mtoto, na yeye hakujua binti yake yuko wapi.